Changamoto za uuzaji wa kimataifa

Changamoto za uuzaji wa kimataifa ni matatizo yanayoikabili kampuni, chama cha ushirika au mfanyabiashara anayetafuta wateja nje ya nchi yake. Uuzaji hapa haumaanishi tu kupokea fedha na kutoa bidhaa. Unahusu kazi yote ambayo nchini Tanzania huitwa "masoko": kujua mteja anataka nini, kutengeneza bidhaa inayomfaa, kupanga bei, kuitangaza na kuifikisha mahali alipo.

Changamoto hizo ni za aina nyingi, lakini makala hii inaeleza tatu: za kisiasa, za kisheria na za utafiti. Mara nyingi hufundishwa kama mada tatu tofauti, ingawa katika biashara halisi hazitengani. Uamuzi wa kisiasa huzaa sheria mpya, sheria huweka mipaka ya utafiti, na utafiti dhaifu huifanya kampuni isione mabadiliko ya siasa na sheria mpaka yamekwisha kuifikia. Gharama za makosa hayo hazibebwi na wenye hisa pekee. Wafanyakazi hupoteza ajira, wakulima hukosa pa kuuza mazao, na pengine walaji huumia.

## Tofauti na soko la ndani

Mfanyabiashara anayeuza katika nchi yake anafanya kazi chini ya serikali moja, mahakama zilezile na sarafu moja. Hata asiposoma sheria zote, anazijua desturi. Akivuka mpaka, kila kimoja kati ya vitu hivyo kinaweza kubadilika kwa wakati mmoja.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia nchi nyingi zilijaribu kupunguza tofauti hizo kwa mikataba. Mkataba wa jumla kuhusu ushuru na biashara (GATT) ulitiwa sahihi mwaka 1947. Shirika la Biashara Duniani, lenye makao makuu Geneva, lilianza kazi tarehe 1 Januari 1995. Katika Afrika ya Mashariki mkataba wa kuanzisha upya Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi mwaka 1999. Umoja wake wa forodha ulianza mwaka 2005 na soko la pamoja mwaka 2010. Eneo Huru la Biashara la Afrika lilikubaliwa Kigali mwezi Machi 2018, na biashara chini yake ikazinduliwa rasmi Januari 2021.

Mikataba hiyo imepunguza ushuru wa forodha kwa bidhaa nyingi. Haikuondoa mamlaka ya kila serikali kulinda afya, usalama, mazingira na viwanda vya nchi yake, na hapo ndipo changamoto nyingi huanzia.

## Changamoto za kisiasa

### Umiliki na utaifishaji

Hatari kubwa kabisa ya kisiasa ni serikali kuchukua mali ya kampuni ya kigeni. Nchini Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, serikali ilitaifisha benki zote binafsi, pamoja na kampuni kadhaa za biashara ya nje na za viwanda. Benki ya Taifa ya Biashara iliundwa mwaka huohuo kushika kazi za benki zilizotaifishwa. Nchini Uganda mwaka 1972 Idi Amin aliwapa watu wenye asili ya Asia siku 90 kuondoka, na biashara zao zikagawiwa watu wengine.

Matukio hayo mawili hayafanani. La kwanza lilikuwa sera iliyotangazwa, yenye itikadi iliyojulikana na ahadi ya fidia. La pili lilikuwa amri ya ghafla iliyolenga watu kwa asili yao. Kwa anayechunguza hatari za kisiasa tofauti hiyo ni muhimu, kwa kuwa sera huonyesha dalili kabla ya kutekelezwa, lakini amri ya mtu mmoja inaweza kuja bila dalili yoyote.

Serikali inaweza pia kubana umiliki bila kutaifisha. Sheria ya fedha za kigeni ya India ya mwaka 1973 ilizitaka kampuni nyingi za nje kupunguza hisa zao hadi asilimia 40. Coca-Cola ilikataa masharti ya serikali, ambayo yaligusa pia siri ya kutengeneza kinywaji chake, ikaondoka mwaka 1977. Iliporudi mwaka 1993 ilikuta vinywaji vya Kihindi vimeshika nafasi yake. Ililazimika kukinunua kimojawapo, Thums Up, ambacho kiliingia sokoni mwaka uleule ilioondoka.

### Vita, mipaka na vikwazo

McDonald's ilifungua mgahawa wake wa kwanza mjini Moscow tarehe 31 Januari 1990. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwezi Februari 2022, kampuni ilisimamisha kazi na kisha kuuza biashara yake yote nchini humo. Wakati huo ilikuwa na migahawa ipatayo 850 na wafanyakazi wapatao 62,000. Mnunuzi alifungua tena migahawa kwa jina jingine. Miaka zaidi ya 30 ya kujenga chapa iliisha katika miezi michache, ingawa chakula chenyewe hakikuwa na tatizo lolote na wateja hawakuwa wamekikataa.

Afrika ya Mashariki ilipata somo kama hilo mapema zaidi. Jumuiya ya kwanza ilipokuwa ikivunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haikuufungua tena hadi mwaka 1983. Wenye viwanda wa Kenya waliokuwa wakiuza Tanzania, au kupitia Tanzania kwenda Zambia, walipoteza soko ambalo walikuwa wamelihesabu kama la nyumbani.

### Mabadiliko ya sera za biashara

Mara nyingi siasa haifungi soko moja kwa moja, bali hubadilisha masharti yake. Mfano mmoja ni mitumba. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza hatua kwa hatua uingizaji wa nguo zilizokwisha kuvaliwa ili kukuza viwanda vya nguo. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika kwa serikali yao kwamba hatua hiyo inakiuka masharti ya AGOA, sheria ya Marekani iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia huko bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zililegeza msimamo. Rwanda haikulegeza, na Julai 2018 Marekani ikasimamisha nafuu hiyo kwa nguo zinazotoka Rwanda.

Mgogoro huo uliwagusa watu wenye masilahi yanayopingana: mwuza mitumba sokoni, mshonaji wa kiwandani, mkusanyaji wa nguo Marekani, na mwananchi anayetaka nguo ya bei nafuu. Kila upande ulikuwa na hoja. Kwa kampuni iliyojenga kiwanda cha nguo Kigali ikitegemea soko la Marekani, uamuzi uliobadilisha hesabu zake haukutolewa na wateja wala na kampuni shindani.

Masharti ya ubora nayo yanaweza kufanya kazi ya ushuru. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo ya Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu na inayoweza kusababisha saratani ya ini. Siku chache baadaye zuio liliondolewa na kuwekwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na shehena iwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi kiwango kinachokubalika. Hatari ya sumukuvu ni ya kweli, na watu wamekufa kwayo nchini Kenya na Tanzania. Hata hivyo malori yaliyokwisha kufika Namanga hayakuwa na namna ya kupata cheti ambacho jana yake hakikuulizwa.

## Changamoto za kisheria

### Sheria ya nchi gani?

Hakuna sheria moja ya biashara ya dunia, wala mahakama moja ambamo mnunuzi wa nchi moja anaweza kumshtaki mwuzaji wa nchi nyingine kwa kila jambo. Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi mfumo wa sheria wa Kiingereza, ambao hutegemea sana hukumu za mahakama zilizotangulia. Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilirithi mfumo wa Kibelgiji, ambao huanzia kwenye sheria zilizoandikwa na kupangwa katika vitabu. Neno moja la mkataba linaweza kupewa uzito tofauti Kampala na Bujumbura.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauzo ya kimataifa ya bidhaa, uliopitishwa Vienna mwaka 1980, unajaribu kuweka kanuni za pamoja. Uganda, Burundi na Kongo ni kati ya nchi zilizojiunga nao. Pale ambapo mkataba huo hautumiki, wahusika hutakiwa kuandika wenyewe ni sheria ya nchi gani itakayofuatwa na mgogoro utaamuliwa wapi.

Wengi huchagua usuluhishi badala ya mahakama. Sababu kubwa ni Mkataba wa New York wa mwaka 1958, ambao unazitaka nchi wanachama kutambua uamuzi wa wasuluhishi uliotolewa katika nchi nyingine. Tanzania ilijiunga nao mwaka 1964 na Kenya mwaka 1989. Hukumu ya mahakama ya kawaida haina njia rahisi kama hiyo ya kuvuka mipaka.

Usuluhishi nao una mipaka yake. Mwaka 2005 serikali ya Tanzania ilivunja mkataba wa City Water, kampuni yenye wabia wa kigeni iliyokuwa ikisambaza maji Dar es Salaam tangu 2003. Mbia mmoja, Biwater Gauff, alipeleka shauri kwenye kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji cha Benki ya Dunia. Mwaka 2008 wasuluhishi waliamua kwamba Tanzania ilikiuka mkataba wake na Uingereza wa kulinda uwekezaji, lakini hawakuipa kampuni fidia, kwa kuwa biashara yenyewe ilikuwa imekwisha kushindwa. Kampuni ilishinda hoja bila kupata fedha.

### Alama za biashara

Alama ya biashara hulindwa katika nchi iliposajiliwa tu. Kanuni hiyo huwashangaza wengi, hata ndani ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Alama iliyosajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) inalindwa Tanzania Bara. Anayetaka ulinzi Zanzibar husajili tena kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali wa huko (BPRA).

Kampuni ya Disney iliomba kusajili maneno "Hakuna Matata" nchini Marekani mwaka 1994, mwaka ilipotolewa filamu ya *The Lion King*, na usajili ukakamilika mwaka 2003. Mwaka 2018 watu wengi walitia sahihi ombi la kupinga, wakisema msemo wa Kiswahili hauwezi kuwa mali ya kampuni. Kisheria usajili huo ulihusu mavazi yanayouzwa Marekani, na haumzuii mtu yeyote kutamka maneno hayo. Lakini mshonaji wa Mombasa au Zanzibar anayetaka kuuza fulana zenye maneno hayo Marekani anaweza kukutana na mwenye alama aliyemtangulia, ingawa maneno ni ya lugha yake.

Ethiopia ilitumia kanuni hiyohiyo kwa faida ya wakulima wake. Mwaka 2005 iliomba kusajili Marekani majina ya maeneo yake ya kahawa: Harrar, Sidamo na Yirgacheffe. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa cha Marekani kilipinga, na kukawa na mvutano na Starbucks. Mwaka 2007 Ethiopia na Starbucks zilitia sahihi makubaliano kuhusu matumizi ya majina hayo.

### Matangazo, afya na lugha

Tangazo halali katika nchi moja linaweza kuwa kosa katika nchi nyingine. Sweden hairuhusu matangazo ya televisheni yanayolenga watoto walio chini ya miaka 12. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 1994, inataka matangazo ya biashara yawe kwa Kifaransa au yaambatane na tafsiri ya Kifaransa.

Mfano uliobadilisha sheria duniani ni maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Katika miaka ya 1970 kampuni zilizokuwa zikiyatangaza katika nchi maskini zilishutumiwa kwamba mbinu zake, kama kugawa makopo ya bure hospitalini, ziliwafanya akina mama waache kunyonyesha. Palipokosekana maji safi, na palipokuwa na umaskini uliomfanya mama kuzimua maziwa ili yadumu, watoto waliugua na kufa. Kampeni ya kususia bidhaa za Nestlé ilianza Marekani mwaka 1977. Mwezi Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kimataifa za uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama kwa kura 118 dhidi ya 1, ile ya Marekani. Kanuni hizo hazimfungi mtu mpaka nchi izigeuze kuwa sheria. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2012.

Kuhusu tumbaku, Uganda ilipitisha mwaka 2015 sheria inayotaka onyo la afya lichukue angalau asilimia 65 ya pakiti. Kampuni ya sigara ilifungua kesi kuipinga, na Mahakama ya Katiba ikaitupilia mbali mwaka 2019.

### Rushwa na mawakala

Kampuni inaweza kushtakiwa nyumbani kwa jambo iliyolifanya ugenini. Marekani ilipitisha sheria dhidi ya kuwahonga maofisa wa nchi za nje mwaka 1977, na Uingereza ilipitisha sheria kali ya rushwa mwaka 2010. Eneo lenye hatari zaidi ni mawakala na washauri wa masoko, kwa kuwa malipo yao yanaweza kuficha hongo.

Katika suala la rada ya kuongozea ndege ambayo Tanzania iliinunua kwa takriban pauni milioni 28, BAE Systems ilikiri mbele ya mahakama ya Uingereza mwaka 2010 kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu za shughuli zake Tanzania. Kesi ilihusu malipo kwa mshauri wa masoko. Kampuni ilitozwa faini ya pauni 500,000, nayo ikatoa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania, fedha ambazo zilielekezwa kwenye elimu.

## Changamoto za utafiti

### Takwimu zilizopo

Mtafiti wa soko huanza na takwimu zilizokwisha kukusanywa na wengine, kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Tatizo ni kwamba ubora wake hutofautiana sana. Tanzania ilifanya sensa mwaka 2022 na kuhesabu watu 61,741,120. Kenya ilihesabu watu 47,564,296 mwaka 2019. Kongo ilifanya sensa yake ya mwisho mwaka 1984. Idadi yoyote ya wakazi wa Kinshasa, Goma au Lubumbashi inayotolewa leo ni makadirio yaliyojengwa juu ya makadirio.

Hata takwimu rasmi hubadilika kwa kubadilisha njia ya kuhesabu. Mwaka 2014 Nigeria ilisahihisha hesabu za Pato la Taifa, likaongezeka kwa asilimia 89. Kenya ilifanya hivyo mwaka huohuo, likaongezeka kwa asilimia 25 hivi. Hakuna Mkenya aliyeamka na fedha zaidi mfukoni. Kampuni iliyopima soko kwa tarakimu hiyo peke yake ingedhani limekua ghafla.

Aidha biashara nyingi hazimo kabisa katika vitabu: machinga, mama lishe, na wanaovusha bidhaa kwa baiskeli au kichwani. Takwimu za forodha huonyesha kilichopita langoni, si kilichopita porini.

### Sheria zinazobana utafiti

Utafiti wa soko hukusanya habari za watu, na habari hizo sasa zinalindwa. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilianza kutumika tarehe 25 Mei 2018, na faini yake inaweza kufikia asilimia 4 ya mapato ya kampuni duniani kote. Kenya na Uganda zilipitisha sheria zao za kulinda data binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Mtafiti anatakiwa kupata ridhaa ya mhojiwa au sababu nyingine inayokubalika kisheria, na kupeleka majibu nje ya nchi kuna masharti yake.

Kutangaza matokeo nako kunaweza kuwa na mipaka. Mwaka 2018 Tanzania ilirekebisha sheria ya takwimu na kufanya kuwa kosa kuchapisha takwimu zinazopinga au kupotosha zile rasmi. Kifungu hicho kiliondolewa mwaka 2019 baada ya kukosolewa.

### Lugha na maana

Hojaji iliyotafsiriwa vizuri kisarufi inaweza kuuliza jambo tofauti. Kiswahili huhesabu saa kuanzia macheo. Swali la Kiingereza kuhusu kusikiliza redio saa ambayo Waingereza huiita ya nane jioni linapaswa kusema "saa 2 usiku". Mtafsiri akiacha tarakimu 8, mhojiwa ataelewa saa 8 mchana, na kampuni italipia matangazo wakati wasikilizaji wake wako shambani.

Majina ya chapa huleta mtego mwingine. Afrika Mashariki wapo wengi wanaoita kila sabuni ya unga "Omo". Mhojiwa akisema anatumia Omo, mtafiti anapaswa kuomba kuuona mfuko wenyewe.

Kiswahili chenyewe hakilingani kila mahali. Msemaji wa Lubumbashi hutumia mara nyingi namba za Kifaransa anapotaja bei. Hojaji iliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu cha Dar es Salaam inahitaji kujaribiwa kwanza kabla ya kupelekwa huko.

Njia inayotumiwa sana kupunguza makosa ni tafsiri rejeshi. Mtu mmoja hutafsiri hojaji, mwingine asiyeijua ya awali huirudisha katika lugha ya kwanza, kisha matini mbili hulinganishwa.

### Sampuli na majibu ya heshima

Utafiti wa simu huwafikia wenye simu, na utafiti wa intaneti huwafikia wenye intaneti. Katika nchi nyingi makundi hayo yana wanaume, vijana na watu wa mjini kupita uwiano wao halisi. Nyumbani, anayejibu huweza kuwa mkuu wa kaya, wakati anayeamua mafuta ya kupikia ni mtu mwingine.

Pia katika jamii zinazothamini ukarimu, mgeni aliyekuja na bidhaa yake hujibiwa kwa adabu. "Ni nzuri" inaweza kuwa heshima kwa mgeni kuliko ahadi ya kununua. Kwa hiyo watafiti wazoefu hupima pia vitendo: nani alinunua, nani alirudi kununua tena.

### Kukadiria ukubwa wa soko

Mwaka 2011 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilieleza kwamba karibu theluthi moja ya Waafrika ni wa tabaka la kati, ikimaanisha wanaotumia kati ya dola 2 na dola 20 kwa siku. Ripoti yenyewe ilionyesha kuwa wengi wao walikuwa kati ya dola 2 na 4, hatua moja tu kutoka umaskini. Kichwa cha habari kilisafiri mbali kuliko maelezo hayo, na kampuni nyingi za bidhaa za walaji zilipanua shughuli zake barani.

Mwezi Juni 2015 Nestlé ilitangaza kupunguza asilimia 15 ya wafanyakazi wake katika nchi 21 za Afrika, ikieleza kwamba tabaka la kati lilikuwa dogo kuliko ilivyotarajia. Kosa la kusoma ufafanuzi wa neno moja likawa kazi zilizopotea.

## Changamoto zinapokutana

Huduma ya M-Pesa inaonyesha jinsi siasa, sheria na utafiti vinavyofungamana. Majaribio yake Kenya mwaka 2005 yalikusudiwa kurahisisha marejesho ya mikopo midogo. Watafiti waliona kwamba watu walikuwa wakiitumia kutumiana fedha. Safaricom ilibadilisha mpango na kuizindua Machi 2007 kama huduma ya kutuma pesa nyumbani. Benki Kuu ya Kenya iliiruhusu ianze bila kuitaka kampuni ya simu iwe benki. Safaricom pia ilikuwa na sehemu kubwa ya soko la simu, hivyo mtumaji na mpokeaji mara nyingi walikuwa wateja wake wote wawili.

Vodacom iliianzisha Tanzania mwaka 2008. Huko kampuni za simu ziligawana wateja kwa usawa zaidi, na huduma ilikua polepole mwanzoni. Afrika Kusini ilianza mwaka 2010 kwa lengo la wateja milioni 10 katika miaka mitatu. Huko sheria ilihitaji kampuni ishirikiane na benki, na sehemu kubwa ya watu wazima tayari walikuwa na akaunti. Huduma ilifungwa mwaka 2016 ikiwa na wateja hai wapatao 76,000. Kilichosafirishwa kilikuwa teknolojia, lakini mazingira yaliyoifanikisha Kenya hayakusafiri nayo.

Mfano wa pili ni viroba. Utafiti wa soko katika nchi za kipato cha chini umeonyesha mara nyingi kwamba mteja anayelipwa kwa siku hununua kwa siku, na vifungashio vidogo huuzika. Nchini Tanzania pombe kali iliuzwa hivyo katika vifuko vya plastiki. Serikali iliona vijana na wanafunzi wakivimudu kwa urahisi, ikavipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Utafiti ulikuwa sahihi kuhusu mteja. Haukuuliza jamii na serikali zingevumilia kwa muda gani.

## Njia za kupunguza hatari

Hakuna njia inayoondoa changamoto hizi zote, lakini zipo zinazozipunguza:

* Kuingia sokoni kwa hatua. Kuuza kupitia wakala au kutoa leseni hupunguza hasara kuliko kujenga kiwanda mara moja, ingawa faida na udhibiti pia hupungua.
* Kutafuta mbia wa nchi husika anayejua desturi na sheria, baada ya kuchunguza sifa zake na malipo yake.
* Kusajili alama ya biashara katika kila nchi inayolengwa kabla ya bidhaa kufika.
* Kuandika katika mkataba sheria itakayotumika na mahali pa usuluhishi. Nairobi na Kigali zina vituo vya usuluhishi wa kimataifa.
* Kununua bima ya hatari za kisiasa, kama inayotolewa na wakala wa Benki ya Dunia (MIGA) au na taasisi ya bima ya biashara ya Afrika yenye makao makuu Nairobi.
* Kulinganisha vyanzo vya takwimu, kufanya majaribio madogo na kujaribu hojaji kabla ya utafiti mkuu.

## Wazalishaji na wafanyabiashara wadogo

Mifano mingi katika vitabu vya masoko ni ya kampuni kubwa, lakini uzito wa changamoto hizi huwa mkubwa zaidi kwa wadogo. Kampuni ya kimataifa iliyofukuzwa katika nchi moja bado ina nchi nyingine. Mkulima wa mahindi wa Mbozi au Kibaigwa ambaye soko lake limefungwa hana lori lake wala ghala la kusubiri.

Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna utaratibu uliorahisishwa kwa ajili ya watu hao. Mwenye bidhaa zinazozalishwa katika nchi wanachama, zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000, anaweza kupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa mpakani na kuvuka bila kulipa ushuru wa forodha. Kodi nyingine na masharti ya afya hubaki palepale. Wasioujua utaratibu huo huendelea kutumia njia za panya au kulipa wasichopaswa kulipa. Kwao utafiti wa soko ni kujua, kabla ya kupakia mzigo, ni karatasi gani itakayoulizwa langoni na nani anayeitoa.